Kupanga safari ya siku tano msituni: mambo matatu ya lugha

Kila mwaka kitivo chetu kinatuma wanafunzi vijijini kukusanya maneno. Tunafundishwa kuandaa orodha ya maswali, kinasa sauti na alfabeti ya kifonetiki. Hatufundishwi kupanga mwendo wa miguu wa siku tano mahali ambapo simu haishiki wala hakuna kituo cha afya. Naeleza hapa namna ya kuupanga, kutokana na safari tuliyofanya Julai iliyopita.

Tulikuwa wanafunzi sita na waongozaji wawili, magharibi ya mto Lualaba upande wa Ubundu, kwenye msitu unaoelekea Hifadhi ya Taifa ya Lomami. Hifadhi hiyo iliundwa 2016, ina karibu kilomita za mraba 8,900 katika Tshopo na Maniema, na msitu wake unajulikana kwa kima aitwaye lesula, aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2012. Hatukuingia hifadhini, kwani lazima kupata kwanza ruhusa ya ICCN. Kusudi letu lilikuwa majina ya miti na wanyama katika Kimituku, lugha ambayo Guthrie aliipa alama D13.

Tuanze na yaliyo rahisi. Kusini kidogo ya ikweta mvua hupungua kati ya Juni na Agosti, ingawa haikatiki, kwa hiyo tulichagua Julai. Chakula kikavu tulikihesabu gramu 600 kwa mtu kwa siku: mchele, unga wa muhogo, maharage, karanga na samaki mkavu. Watu wanane kwa siku tano ni kilo 24. Tukaongeza siku moja ya akiba, ikawa karibu kilo 29, yaani chini ya kilo nne kwa kila mgongo. Maji tulichemsha. Tulibeba vyandarua, turubai, vipimo vya haraka vya malaria na dawa zake. Kwa chifu wa kijiji tuliacha karatasi yenye majina yetu, njia yetu, na siku ambayo tusipoonekana atume watu.

Hayo yote yalikwenda vizuri. Yaliyotushinda yalikuwa mambo ya lugha, na ndiyo maana naandika katika jarida hili.

La kwanza ni saa. Mwongozaji mkubwa alisema, “Tutaondoka saa kumi na mbili.” Mwenzetu aliyekulia Kinshasa, ambaye huhesabu saa kwa Kifaransa, aliandika 12 katika daftari la kundi, nasi wengine tukafuata daftari bila kuuliza. Waongozaji walifika alfajiri, wakaambiwa bado tunapanga vitu. Tuliondoka mchana, tumepoteza masaa sita ya mwanga. Giza lilitukuta kwenye kinamasi kabla ya mto tuliotaka kuvuka, na usiku huo tulilala tumeketi juu ya mizigo. Tangu hapo tunapanga kwa jua: “jua likichomoza”, “jua likiwa kichwani”. Tarakimu peke yake haisemi ni hesabu ya nani.

La pili ni umbali. Nilikuwa nimeuliza, “Papa, kambi ya wavuvi ni mbali?” Akajibu, “Hapana, mwanangu, ni hapa tu.” Hakunidanganya. Alipima kwa miguu yake, ya mwindaji asiyebeba kitu. Swali la “mbali au karibu” linamwalika mtu akutie moyo. Swali linalofaa ni hili: “Ukitoka hapa jua likichomoza, umebeba mzigo kama huu, utalala wapi?” Hapo atakutajia mahali, na mahali panaweza kuandikwa kwenye mpango.

La tatu ndilo zito: neno la kurudi. Katika kundi hakuna anayetaka kulitamka wa kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuondoka tuliandika masharti: mtu akipata homa, wote tunarudi, mto ukipita kifua, tunarudi, chakula kikibaki cha siku mbili na kambi haijaonekana, tunarudi. Kila mmoja alisoma kwa sauti, waongozaji wakaelezwa kwa Kiswahili, na wote wakakubali.

Siku ya tatu asubuhi mwenzetu mmoja alitetemeka kwa homa. Kipimo kikaonyesha malaria. Kwenye orodha yangu ya maneno 200 nilikuwa nimerekodi 83, na kambi ilikuwa mbele, mwendo wa nusu siku. Nakiri kwamba mimi ndiye niliyependekeza arudi na mwongozaji mmoja, sisi tuendelee. Hakuna aliyenijibu. Msichana aliyetunza daftari alilifungua tu, akasoma sharti la kwanza. Tulimpa mgonjwa dawa, tukagawana mzigo wake, tukageuka. Jioni ya siku ya nne alikuwa mikononi mwa muuguzi, naye akapona. Mkesha wa mwisho alishindwa kusimama bila kushikwa na watu wawili. Mwongozaji mmoja asingetosha.

Ninawashauri wenzangu wa mwaka wa tatu wanaojiandaa sasa: kabla ya kupima mizigo, kaeni na waongozaji nusu siku, mkubaliane maana ya saa, ya umbali na ya kurudi, kisha muandike. Maneno 117 yaliyobaki bado yapo kwa wenyewe. Tumepanga kuyafuata Juni ijayo, tukiondoka jua likichomoza.