Bustani Ndani ya Kioo

Akwaria ya mimea ni bustani iliyo chini ya maji: tangi la kioo, udongo, mchanga, mawe, majani na, mwisho kabisa, samaki. Anayeanza na samaki huwazika mapema. Kinyesi chao hutoa amonia, sumu ambayo bakteria huigeuza kuwa naitraiti, nayo sumu, kisha naitreti, ambayo ni chakula cha mimea. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha, na muda huo wote tangi ni la mimea tu.

Fundi vioo wa Bariadi, mkoani Simiyu, anaweza kuunganisha tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 kwa gundi ya silikoni isiyo na dawa ya ukungu. Likijaa linabeba lita 54, yaani kilo 54 za maji peke yake, hivyo meza iwe imara. Chini hutandazwa udongo, kina cha vidole viwili. Ule mweusi wa mbuga una rutuba, lakini usichotwe kwenye shamba la pamba, maana mabaki ya viuatilifu huua samaki. Juu yake hufuata mchanga wa mtoni uliooshwa mpaka maji ya ndoo yasitibuke tena. Maji ya bomba hulazwa kwanza kwenye ndoo wazi, klorini itoke.

Mimea haiko mbali. Kwa upande wa Busega, Simiyu inagusa Ziwa Victoria, ambamo humea valisneria yenye majani kama utepe, na seratofilamu, isiyo na mizizi, ambayo huachwa ielee tu. Kila jani likaguliwe kwa mikono yenye glovu na konokono wote watolewe, kwani wapo wanaobeba kichocho. Magugu maji yabaki hukohuko.

Sanaa huanzia kwenye mawe. Takashi Amano wa Japani, aliyefariki mwaka 2015, alipanga matangi kama mandhari ya milima. Jiwe kubwa huvutia zaidi likisogezwa pembeni kidogo, na vilima vya mawe vya Usukumani ni kielelezo tosha. Taa iwake saa 6 hadi 8 kwa siku. Ikizidi, mwani hufunika kioo.

Samaki huja mwisho: gapi wachache wanatosha kuanzia. Mwenye tangi la lita 200 au zaidi anaweza kufuga furu aitwaye Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Dume ana mgongo mwekundu na milia myeusi ubavuni. Jike hulea mayai yake mdomoni.