Mbwa wa Shamba na Adabu Zake

Wanachama wenzetu, kila msimu wa karafuu mashamba yetu hujaa watu. Wachumaji hupita alfajiri na magunia yao, watoto huja kuchambua, na majamvi hutandikwa uani. Mbwa aliyezoea nyumba kimya huyaona haya kuwa mageni. Hubweka, huwarukia watu, au hulala juu ya karafuu zilizoanikwa. Mchumaji aogopaye mbwa huenda shamba la jirani, na karafuu zetu huchanua mtini zikapungua thamani.

Wengi wetu hushika fimbo. Twasema fimbo haifai, wala si kwa huruma peke yake. Mbwa huunganisha tendo na lile linalofuata papo hapo. Akipigwa jioni kwa kosa la asubuhi, hajui kosa ni lipi; ajualo ni kumwogopa bwana wake. Tena mbwa hurudia tendo linalompa faida, na huacha lisilompa kitu. Basi tuitazame kwanza faida hiyo.

Awarukiapo watu, faida yake ni kutazamwa na kusemeshwa. Hata kusukumwa kwake ni mchezo. Nasi twajua kwamba mtu aendaye kusali hapendi kuguswa na ulimi wa mbwa. Mgeuzie mgongo, unyamaze. Miguu yote minne ikiwa chini, mtupie dagaa mmoja. Kazi hii haihitaji kumshika.

Akibweka, tusimpigie kelele, maana kelele zetu humzidishia wasiwasi. Kabla ya wachumaji kufika, afungwe kivulini, mbali na njia, na maji karibu. Kila wapitapo naye yu kimya, atupiwe chakula kidogo. Akipenda kulala juu ya jamvi, atandikiwe gunia lake mwenyewe, na chakula akipate hapo tu.

Siku za kwanza huenda akazidisha yale ayafanyayo. Tusikate tamaa. Akikubaliwa hata mara moja, atajifunza kwamba kuzidisha kwaleta faida. Na watu wote wa nyumba watumie neno moja; baba akikataza na mtoto akiruhusu, mbwa hajui amfuate nani.

Jambo moja tulitilie mkazo: mbwa asipigwe kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo. Akifundishwa kunyamaza kwa fimbo, hofu yake hubaki, na siku moja huuma bila kuonya. Afadhali tumwondolee kile kinachomtisha.

Lakini mbwa mpole aliyegeuka ghafula, akauma ovyo, akatoka mate na kuyumba, huyo hakukosa adabu. Huenda ana kichaa. Asikaribiwe, na ofisi ya mifugo iarifiwe mara moja. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apate sindano, maana dalili zikishatokea, mtu huponi. Pemba ugonjwa huu uliondolewa mwaka 2014, ukarudi mwaka 2016, ukaondolewa tena mwaka 2018, na silaha kubwa ilikuwa chanjo ya mbwa.

Basi, kila mwenye mbwa ampeleke kuchanjwa, na aanze kumfunza kabla mikarafuu haijaiva. Wachumaji wakishafika, muda wa kufunza umepita.