Luga ya Go na mabishano ya mabano

Bidoni ni ile moja: leo inabeba mafuta ya mawese, kesho maji. Mwenye kuiuza hakuulizi utatia nini ndani. Waandikaji wa programu nao wanatafuta kitu cha namna ile: kazi moja yenye kupanga bei, majina ao tarehe, bila kuiandika mara tatu. Tuiite hapa aina ya jumla.

Luga ya Go, yenye Google ilitangaza katika 2009, ilikuwa haina kitu hicho. Kiliingia tu katika Machi 2022, na toleo la 1.18. Alama peke yake haikuleta ukawio wote ule, lakini ilileta mabishano: aina itaandikwa ndani ya mabano gani? Na Go iliahidi tangu 2012 kwamba programu za zamani zitaendelea kutumika. Alama ikishatoka, hairudi.

Java, C++ na C# zinatumia < na >. Sababu gani Go isifanye vile vile? Shida njo hii:

a, b = w < x, y > (z)

Hapa tunalinganisha mara mbili, w na x, kisha y na z? Ao tunaita kazi w, tukiipa aina x na y, ili itumike juu ya z? Tulisoma na kurudilia, hatukupata jibu. Ni lazima kujua kwanza w ni nini, na kompilateri ya Go inasoma sarufi mbele, maana nyuma. Rust iliponea kwa kutia :: mbele ya <. Sura yake, tuseme kweli, si nzuri.

Wakajaribu mabano ya duara:

func Panga(type T)(l []T)

Mabano juu ya mabano, macho yanachoka. Watumiaji wakalalamika, na katika 2020 timu ikageukia mabano ya mraba, kama Scala:

func Panga[T any](l []T)

Hata hapa mutego ulibaki. type A [N]int tayari ilikuwa safu yenye urefu N. Ndiyo sababu kila aina inaandikwa pamoja na mupaka wake, hata kama ni any tu, yaani chochote.

Kwetu klavye ni AZERTY: < ni kidole kimoja, [ inaomba Alt Gr na 5. Mumoja wetu, mutu wa Java, angali anapiga <, na kompilateri inamukatalia kila asubui.