Kati ya Wangapi? Utangulizi wa Somo la Uwezekano

Mtu anayeanza somo la takwimu hukutana na uwezekano mapema, na mara nyingi hukutana nao vibaya. Anapewa dadu mbili, karata 52 na mfuko wenye gololi nyekundu na nyeupe, anakaririshwa kanuni tatu au nne, kisha analetewa mtihani. Siidharau dadu. Hesabu hizi zilikulia mezani pa wacheza kamari, pale mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat walipoandikiana barua kuhusu namna ya kugawana fedha za mchezo uliokatizwa kabla haujaisha. Lakini mwanafunzi ambaye hajawahi kushika karata ana haki ya kuuliza mambo haya yanamhusu nini. Kwa hiyo katika utangulizi huu nitashika mfano mmoja na kwenda nao: namna ugonjwa wa selimundu unavyorithiwa. Ni jambo linalozigusa familia nyingi za Afrika Mashariki na Kongo, na kwa kufundishia ni bora kuliko dadu.

Kabla hatujaingia ndani, nitaje swali ambalo msomaji atalisikia tena na tena: kati ya wangapi, na wapi hao? Uwezekano ni namba isiyopungua 0 wala kuzidi 1. Sufuri ni la jambo lisiloweza kutokea, moja ni la jambo ambalo lazima litokee. Lakini namba hiyo haina maana mpaka ijulikane imetolewa katika jumla ipi. Makosa mengi ya wanaoanza, na hata ya wataalamu, hutokana na kuisahau jumla hiyo au kuibadilisha katikati ya hoja bila kujua.

Sasa mfano wetu. Kila mtu ana nakala mbili za kinasaba kinachohusika na hemoglobini ya damu, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Nakala ya kawaida tutaiita A, na ile inayoleta selimundu tutaiita S. Mwenye AA hana nakala ya ugonjwa. Mwenye SS anaugua. Mwenye AS ni mbebaji: kwa kawaida ni mzima, anafanya kazi zake, na wengi hawajijui mpaka wapimwe damu. Zipo nakala za aina nyingine pia, lakini tutaziweka kando.

Baba ni AS, mama ni AS, na wanatarajia mtoto. Baba atampa mtoto A au S, na hakuna inayopendelewa. Ni kama kurusha shilingi na kuuliza kichwa au mwenge. Mama naye vivyo hivyo. Tukiandika ya baba kwanza, matokeo yote ni manne: AA, AS, SA na SS. Orodha hii kamili ndiyo jumla yetu, na wanahisabati huiita seti ya matokeo yote. Sehemu yoyote ya orodha tunayoiulizia huitwa tukio. “Mtoto ni mgonjwa” ni tukio lenye tokeo moja, kwa hiyo uwezekano wake ni 1/4. “Mtoto ni mbebaji” lina matokeo mawili, AS na SA, na uwezekano wake ni 2/4, yaani nusu. “Mtoto si mgonjwa” lina matatu, hivyo 3/4.

Hapa mwanafunzi makini huinua mkono: damu haitofautishi AS na SA, kwa nini tusihesabu matokeo matatu tu na kusema kila moja ni 1/3? Swali hili ni zuri kuliko linavyoonekana. Mwaka 1754 Jean d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, aliandika kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni 2/3. Jibu sahihi ni 3/4. Aliunganisha matokeo mawili kuwa moja, kisha akalipa uzito sawa na mengine. Kugawa kwa idadi ya matokeo kunaruhusiwa pale tu matokeo hayo yanapokuwa na uzito sawa. Katika mfano wetu mtoto anaweza kuwa mbebaji kwa njia mbili, lakini kuwa mgonjwa kwa njia moja tu, na lazima njia zote zihesabiwe.

Kanuni za msingi ni chache mno. Andrey Kolmogorov alizipanga vizuri mwaka 1933: hakuna uwezekano ulio hasi, uwezekano wa seti nzima ni 1, na matukio yasiyoweza kutokea pamoja hujumlishwa. Kwa kuwa mtoto hawezi kuwa mgonjwa na mbebaji kwa wakati mmoja, tunajumlisha 1/4 na 1/2 kupata 3/4, uwezekano wa kuwa na angalau S moja. Na kwa kuwa jumla nzima ni 1, uwezekano wa jambo kutotokea hupatikana kwa kutoa uwezekano wa kutokea kwake kutoka 1. Kikanuni hiki cha kutoa kinaokoa kazi nyingi, kama tutakavyoona sasa hivi.

Wazazi wakiambiwa “robo”, wengi husikia hivi: katika watoto wanne, mmoja atakuwa mgonjwa. Kisha hufuata hitimisho la hatari. Waliokwisha kupata mtoto mgonjwa hudhani watatu wanaofuata wako salama. Waliopata watatu wazima huogopa kwamba zamu ya mgonjwa imefika. Yote mawili si kweli. Kila mimba inaanza upya, na matokeo ya kaka hayamgusi mdogo wake. Matukio ya namna hii, ambayo kutokea kwa moja hakubadilishi uwezekano wa jingine, tunayaita matukio huru, na kwa hayo peke yake tunaruhusiwa kuzidisha uwezekano mmoja kwa mwingine.

Tuzidishe basi. Uwezekano kwamba watoto wote wanne si wagonjwa ni 3/4 mara 3/4 mara 3/4 mara 3/4, yaani 81/256, karibu 0.32. Toa kutoka 1: uwezekano kwamba angalau mmoja ni mgonjwa ni 175/256, karibu 0.68. Kwa hiyo takriban familia moja katika tatu za aina hii, zenye watoto wanne, hazitapata mgonjwa hata mmoja, na nyingine zitapata wawili au zaidi. Robo ile ni sahihi kabisa, lakini si ahadi iliyotolewa kwa nyumba moja.

Ni ya nani basi? Ni ya familia nyingi zikiwekwa pamoja. John Kerrich, aliyekuwa akifundisha hisabati Afrika Kusini, alikuwa Denmark Aprili 1940 majeshi ya Ujerumani yalipoivamia nchi hiyo. Akawekwa kizuizini, na huko akarusha sarafu mara 10,000 akiandika kila tokeo. Katika mirusho 100 ya kwanza alipata kichwa mara 44. Ilipofika 1,000, vichwa vilikuwa 502. Mwishoni, katika mirusho 10,000, vilikuwa 5,067. Nakuomba uzitazame namba hizi kwa utulivu, maana ndani yake mna somo ambalo watu wazima wengi hawajalipata. Kwenye mirusho 100 alikuwa mbali na nusu kamili kwa vichwa 6; kwenye 10,000 alikuwa mbali kwa vichwa 67. Tofauti haikufutika, bali iliongezeka. Sarafu haikumbuki ilikotoka, wala haina deni la kulipa. Kilichosogea ni uwiano: kutoka 0.44 hadi 0.5067. Matokeo ya awali hayakurekebishwa. Yalimezwa na wingi wa yaliyofuata. Hiyo ndiyo kanuni ya namba kubwa, ambayo uthibitisho wake wa kwanza, wa Jakob Bernoulli, ulichapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake.

Tuendelee na familia yetu. Kaka wa mgonjwa wa selimundu amekua, ni mzima, anataka kuoa, na anauliza: uwezekano wangu wa kuwa mbebaji ni kiasi gani? Jibu la haraka ni nusu, kwa sababu nusu ndiyo tuliyoipata juu. Lakini nusu ile ilikuwa ya mtoto ambaye hajazaliwa, asiyejulikana chochote. Huyu tunajua jambo moja zaidi: si SS. Basi SS inafutwa kwenye orodha, na jumla inabaki na matokeo matatu: AA, AS, SA. Mawili kati ya hayo ni ya wabebaji. Jibu ni 2/3. Huu ndio uwezekano wa sharti, na kwa maoni yangu ndio moyo wa somo zima. Taarifa mpya inabadilisha jumla tunayohesabia, na jumla ikibadilika, namba nayo inabadilika.

Kutoka familia twende kwenye jamii. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusoma Oxford, alikusanya damu za jamii mbalimbali za Kenya. Alikuta wabebaji wa S wakizidi asilimia 20 katika baadhi ya jamii za pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria, na chini ya asilimia 1 katika nyanda za juu. Alitambua kwamba tofauti hiyo inakwenda sambamba na malaria, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba kuwa AS kunampa mtu kinga ya kiasi dhidi ya malaria.

Chukua jamii yenye wabebaji asilimia 20. Kama wachumba hukutana bila mpangilio wowote unaohusiana na damu zao, uwezekano kwamba wote wawili ni wabebaji ni 0.2 mara 0.2, yaani 0.04, zidisha kwa 1/4 na unapata 0.01. Mtoto 1 katika 100. Sasa changanya idadi sawa ya watu wa jamii hiyo na wa jamii ya nyanda za juu yenye asilimia 1. Wastani wa wabebaji ni asilimia 10.5, na anayezidisha wastani huo kwa wenyewe, kisha kwa robo, hutabiri wagonjwa 28 katika watoto 10,000. Lakini kama watu huoana na wa kwao, hesabu ya kweli ni ya kila jamii peke yake, na ukijumuisha unapata karibu 50. Tofauti ni karibu maradufu, na chanzo chake ni neno moja: huru. Uchaguzi wa mwenzi haukuwa huru na asili ya mtu, na kwa hiyo ruhusa ya kuzidisha haikuwapo.

Kosa la namna hii limewahi kumpeleka mtu gerezani. Mwaka 1999, nchini Uingereza, mama aliyefiwa na watoto wawili wachanga alihukumiwa kwa kuwaua, baada ya mahakama kuambiwa kwamba vifo viwili vya ghafla katika nyumba kama yake ni jambo la 1 katika milioni 73. Namba hiyo ilipatikana kwa kuzidisha 1/8,543 kwa yenyewe, kana kwamba ndugu wawili hawashirikiani damu wala nyumba. Chama cha Kifalme cha Takwimu kilipinga hadharani mwaka 2001, na hukumu ikafutwa mwaka 2003. Ndiyo maana ninasisitiza: usizidishe kabla hujauliza kama matukio ni huru.

Imebaki hoja moja, nayo imebeba jina la Thomas Bayes, aliyefariki mwaka 1761. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1763. Tuseme kuna kipimo cha haraka kinachomtambua mbebaji mara 95 katika 100, na kumwacha asiye mbebaji mara 95 katika 100. Kimekusema wewe ni mbebaji. Uamini kiasi gani? Pima watu 10,000 katika jamii yenye asilimia 20: wabebaji ni 2,000, na 1,900 kati yao watatambuliwa, wasio wabebaji ni 8,000, na 400 watasingiziwa. Katika watu 2,300 walioambiwa ndiyo, 1,900 ni kweli, karibu asilimia 83. Peleka kipimo kilekile kwenye jamii yenye asilimia 1: wabebaji ni 100, na 95 watatambuliwa, wasio wabebaji ni 9,900, na 495 watasingiziwa. Sasa walioambiwa ndiyo ni 590, na wa kweli ni 95 tu, karibu asilimia 16. Kipimo hakijabadilika hata kidogo. Waliobadilika ni watu wanaopimwa. Anayesoma majibu ya maabara bila kujua yametoka katika jamii ipi hajayasoma.

Mpaka hapa tumejua robo na nusu kutokana na jinsi mwili unavyofanya kazi, kisha tukauliza familia zitaonekanaje. Takwimu hufuata njia hiyo kwa kurudi nyuma: Allison alikuwa na damu za watu wachache mkononi, na kutokana nazo alitaka kuijua jamii nzima. Safari hiyo ya kurudi haiwezekani kwa asiyeijua ya kwenda, na ndiyo sababu uwezekano unatangulia.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, chukua kalamu ujibu hili: wazazi wawili, wote AS, wana watoto watatu; uwezekano kwamba angalau mmoja ni SS ni upi? Ukipata 37/64, endelea mbele. Ukipata 3/4, umejumlisha robo tatu mahali pasipofaa. Jaribu njia hiyo kwa watoto watano, na utaona inakupa namba iliyozidi 1.