Medali za Keya na Bei ya Jina

Mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita Ngombezi, kata iliyo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Korogwe, hununua kwa kilo. Sufuria iliyotoboka, rimu ya baiskeli, waya wa shaba, vyote hupanda mizani ileile. Nyota ya Burma, medali ya vita ya marehemu babu, ikitumbukia humo, italipwa kama shaba, na shaba yenyewe ni gramu chache zisizonunua hata kilo ya sukari.

Kitu hichohicho kina soko jingine, na soko hilo liko London. Kampuni ya Spink, iliyoanzishwa mwaka 1666, na Noonans, iliyojulikana awali kwa jina la Dix Noonan Webb, huendesha minada ya medali za kijeshi, na wanunuzi hupandishana bei kwa intaneti wakiwa popote duniani. Wakusanyaji wana chama chao cha utafiti tangu 1942. Juu kabisa ya soko hilo wako matajiri kama Michael Ashcroft, aliyekusanya Misalaba ya Victoria, nishani ya juu ya ushujaa ya Uingereza, zaidi ya 200. Mwaka 2009 medali za daktari Noel Chavasse, aliyepewa msalaba huo mara mbili, ziliripotiwa kununuliwa kwa takriban pauni milioni 1.5.

Huko ni mbali na askari wa kawaida. Chini ya kilele hicho kuna mamilioni ya medali walizopewa watu wasio na cheo kwa sababu tu walikuwepo vitani, na humo ndimo zilimo za Keya, kama askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, walivyoitwa huku kwetu. Bei zake hupanda na kushuka kwa kanuni moja ambayo wauzaji wengi wa vijijini hawaijui: anayelipa vizuri hanunui madini, ananunua mtu. Anataka kujua nani aliivaa, alipigana wapi na nini kinathibitisha hayo.

Medali ya Uingereza ya Vita vya Kwanza vya Dunia inaonyesha jambo hilo vizuri kuliko zote. Upande mmoja ina kichwa cha Mfalme George V. Wa pili una mtu aliye uchi juu ya farasi, farasi akikanyaga ngao yenye tai wa Prussia. Ni duara la milimita 36 linaloning'inia kwenye utepe wenye rangi ya chungwa katikati. Ukiigeuza kiubavu na kuielekeza kwenye mwanga, utaona ukingoni maandishi madogo yaliyogongwa kwa mashine: namba ya askari, cheo, jina na kikosi chake. Mstari huo mmoja ndio unaoitofautisha na nyingine zaidi ya milioni sita zilizotolewa kwa madini ya fedha. Kwa askari wa Keya namba ina uzito kuliko jina, maana makarani waliandika majina walivyoyasikia, na akina Juma na Ali walikuwa wengi katika kila kombania.

Vita hivyo vilipita hapahapa. Katikati ya Juni 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Korogwe, kisha Handeni, yakiwafuata Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka kwenye reli ya Usambara. Tarehe 24 Juni walipambana Lukigura, kusini ya Handeni. Waliobeba risasi na unga wa majeshi yale walikuwa wapagazi. Makadirio ya waliokufa upande wa Waingereza hufika karibu 100,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Walio wengi hawakuvishwa chochote. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000 waliofia vita hivyo, hasa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo uhaba wa medali za wapagazi sokoni hautokani na wajukuu kuzificha.

Hatari kubwa kwa medali hizo za fedha za 1914 hadi 1918 ni sonara. Zile za askari zilitengenezwa kwa fedha ya kiwango cha 925, uzito wake ukikaribia wakia moja. Januari 1980, bei ya fedha ilipokaribia dola 50 kwa wakia, medali nyingi za aina hiyo ziliishia kwenye tanuri huko Uingereza. Oktoba 2025 bei ilivuka tena dola 50. Hesabu yake ni nyepesi: kwa bei hiyo medali moja ina madini ya dola 45 hivi, kiasi kinachokaribiana na kile ambacho mkusanyaji angetoa kwa medali ya askari asiyejulikana sana. Pengo likiwa dogo hivyo, kuyeyusha kunavutia. Lakini medali yenye namba ya Keya haimo katika kundi la zile za kawaida, na anayeiyeyusha anapata hasara bila kujua.

Kwa Vita vya Pili mambo yanageuka. Wanajeshi wa Tanganyika walikwenda Abisinia, Madagaska, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katika mvua za 1944. Waliorudi na Nyota ya Burma walipata nyota yenye ncha sita, ya shaba iliyochanganywa na zinki, isiyo na jina. Uingereza iliamua kutoandika majina kwenye medali za vita hivyo ilizowapa askari wake, na Keya wakaingia humo. Afrika Kusini na Australia ziliwaandikia wa kwao. Uamuzi huo wa kiofisi, uliookoa gharama za uchapaji, ndio unaowaumiza wajukuu leo: nyota ya Handeni na nyota ya Liverpool hazitofautiani hata kidogo. Kinachozitofautisha ni karatasi, yaani cheti cha kuachishwa jeshi, daftari la mshahara, picha ya babu akiwa na kofia. Karatasi hizo zikiliwa na mchwa, sehemu kubwa ya bei imekwenda nazo.

Ngombezi yenyewe, eneo la mkonge, ilikuwa na vita vyake vya aina nyingine. Japani ilipoziteka Ufilipino na Java mwaka 1942, Uingereza na washirika wake walipoteza vyanzo vyao vya nyuzi za kamba, na mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya kijeshi. Serikali ya kikoloni ikaandikisha watu kwa lazima kwenda kukata mkonge mashambani. Kazi hiyo haikuwa na nyota wala utepe.

Kuna medali moja ambayo nyumba nyingi huiweka chini ya sanduku. Ni ile ya utumishi wa Afrika yenye kibao kidogo kilichoandikwa KENYA, ya 1952 hadi 1956, wakati vikosi vya Keya vikiwemo vya Tanganyika vilipotumwa kupambana na Mau Mau. Ina jina ukingoni na ina wanunuzi. Kuiuza si aibu, na kuinyamazia kunaeleweka.

Upande wa Mjerumani unaongoza kwa uvumi. Sarafu za dhahabu za rupia 15 zilizopigwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya Sekenke, vipande 16,198 tu, ni mali halisi na hugombewa minadani. Kivuli cha sarafu hiyo ndicho kinacholisha matapeli wa "rupia za Mjerumani", wanaouza vipande vya bati na ramani za hazina zilizofukiwa. Ukiambiwa kuna medali ya askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza, omba uthibitisho kwanza. Husimuliwa kwamba mwaka 1964, serikali ya Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa askari hao wa zamani, wazee wengi waliofika Mwanza hawakuwa na vyeti, na mlipaji akawapima kwa kuwapa fimbo ya ufagio na amri za gwaride kwa Kijerumani. Mnada wa leo hauna ufagio.

Ughushi upo pia kwenye mali ya Mwingereza. Nyota za kuiga hutengenezwa kwa wingi, kingo zake zikiwa butu. Medali za fedha hukwanguliwa jina la zamani na kugongwa jipya, na mjuzi huzitambua kwa kipimo, kwa kuwa kipenyo hupungua.

Kisheria mambo si magumu sana kwa mwenye mali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa vitu vya kale vinavyohamishika, na medali hizi zilitengenezwa baadaye. Lakini kabla ya kutuma chochote nje, ni busara kuiuliza Idara ya Mambo ya Kale kuliko kumsikiliza dalali.

Aliye nayo nyumbani asiisugue kwa Brasso, maana wakusanyaji hukata bei kwa kila herufi iliyofifia. Medali za mtu mmoja zisiuzwe mojamoja. Orodha za waliopewa medali za Vita vya Kwanza zimehifadhiwa Kew, London, na anayezitafuta aandike namba na jina kama zilivyogongwa ukingoni, hata kama karani alikosea.