Kiwavi hana bakteria wake, mtoto wako anao

Hapa Mtawanya mlimau wa uani hauishi viwavi. Wakiwa wadogo utadhani ni kinyesi cha ndege kimedondokea jani. Wakikua hugeuka kijani. Hao ndio baadaye huwa vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya njano.

Kwa jinsi kiwavi anavyokula majani kutwa, mtu angedhani tumboni mwake mna bakteria wa kumsaidia kuyameng'enya, kama ilivyo kwa ng'ombe. Watafiti waliwapima viwavi wa aina 124 kutoka Marekani na Costa Rica, na mwaka 2017 wakatangaza kuwa hawakukuta wakazi wa kudumu. Bakteria waliopatikana walikuwa wachache, wengi wao wameingia na majani tu. Viwavi wa tumbaku walipolishwa antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, walikua vile vile. Kipepeo mzima ana habari nyingine. Huyu hufyonza maji ya maua, wengine maji ya embe lililooza, na tumboni bakteria anao. Aina zao hutegemea kwa kiasi fulani anachokula.

Binadamu je? Mwaka huo huo wa 2017 ulitoka utafiti wa Wahadzabe wa huko Ziwa Eyasi. Masika wanapokula zaidi asali na matunda ya porini, baadhi ya bakteria wa utumbo hupungua hadi wasionekane. Kiangazi, nyama inapozidi, hurudi. Kwa hiyo sisi tunao wakazi, na chakula chetu ndicho chao.

Naeleza haya kwa sababu ya vile vidonge vya rangi mbili. Mtoto akiharisha, mzazi hununua viwili vitatu dukani, akavifungua na kumkorogea unga wake kwenye uji. Nimewaona wengi, na wengine ni jamaa zangu. Kuharisha kwa watoto mara nyingi huletwa na virusi, ambavyo dawa hiyo haivigusi. Inaowaua ni wale wakazi, na kuharisha kwaweza hata kuzidi.

Mpe ORS kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, na zinki siku 10 hadi 14 hata kama ameacha kuharisha. Anayenyonya aendelee kunyonya. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo. Na vidonge vilivyobaki nyumbani nenda navyo, tuvione.