Gesi ya Ziwa Kivu na Vijidudu Walioitengeneza

Askari wetu waliopata kutumwa Kivu ya Kaskazini, ama katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 2013, ama baadaye katika kikosi cha SADC, wanalifahamu neno mazuku. Wenyeji wa Goma hulitumia kwa mahali pa bondeni ambapo hewa ya ukaa hupenya kutoka ardhini na kujikusanya chini, bila rangi wala harufu. Mbuzi akishuka hapo asubuhi harudi, na mtu aliyelala hapo usiku huenda asiamke. Lakini kando tu ya mji huo, katika vilindi vya Ziwa Kivu, imefungwa hewa hiyo hiyo kwa wingi wa kutisha, pamoja na gesi ya methani iwakayo moto. Watu zaidi ya milioni mbili wanaishi kandokando ya ziwa hilo, katika nchi jirani za Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485. Maji yake ya juu, kiasi cha mita 60, yana oksijeni na samaki. Chini ya hapo hakuna oksijeni, na kadiri mtu anavyoteremka ndivyo maji yanavyozidi kuwa na joto, chumvi na gesi. Chumvi na hewa ya ukaa huyafanya maji hayo kuwa mazito, na kwa hiyo hayapandi kuchanganyika na ya juu. Yamekaa huko kwa mamia ya miaka. Wataalamu wamekadiria kwamba gesi iliyoyeyuka humo, kama ingetolewa na kupimwa katika hali ya kawaida ya hewa, ingefikia kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani. Mzigo huo umezuiliwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, kama kifuniko kinavyoizuia soda ndani ya chupa.

Kifuniko kikiondoka kinatokea nini? Nchi ya Kamerun inajua. Tarehe 21 Agosti 1986, usiku, Ziwa Nyos lilitapika hewa ya ukaa. Kwa kuwa hewa hiyo ni nzito kuliko hewa tunayovuta, ilitiririka mabondeni kama maji na kuwafikia watu waliokuwa mbali, zaidi ya kilomita 20. Watu wapatao 1,700 walikufa, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Na Ziwa Nyos ni kidimbwi tu ukililinganisha na Kivu.

Hapa ndipo panapokuja jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Katika Nyos gesi ya hatari ilikuwa hewa ya ukaa. Katika Kivu hewa ya ukaa ni mara tano ya methani, lakini mgandamizo mkubwa wa gesi unatokana na methani. Sababu ni kwamba hewa ya ukaa huyeyuka majini kwa urahisi na kutulia, ilhali methani huyeyuka kwa shida na daima inatafuta njia ya kutoka. Kwa hiyo anayetaka kujua ziwa limebakiwa na usalama kiasi gani, hana budi kuuliza kwanza: methani hiyo yatoka wapi, na je, inazidi kuongezeka?

Mtu akiitazama milima ya Nyiragongo na Nyamulagira inayofuka moshi atajibu upesi kwamba yatoka kwenye volkano. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili iligunduliwa kwa kusoma alama za kikemia.

Alama ya kwanza imo katika uzito wa kaboni. Atomi nyingi za kaboni zina uzito wa 12, na chache zina uzito wa 13. Vijidudu wanaotengeneza methani, ambao ni wa jamii moja na wale wanaofanya kazi katika mitambo ya gesi ya samadi vijijini, hupenda ile nyepesi, kama mchukuzi aliyeachiwa achague mzigo. Kwa hiyo methani yao huwa na upungufu mkubwa wa kaboni 13, kuliko methani iliyopikwa na joto la miamba. Methani ya Kivu ina upungufu huo. Alama ya pili ni ile isiyokuwepo: gesi ya visima vya mafuta mara nyingi huandamana na jamaa zake, yaani ethani na propani, lakini katika Kivu jamaa hao ni haba mno.

Alama ya tatu ndiyo yenye kushangaza. Kaboni ya aina ya 14 hutengenezwa angani, huingia katika majani na wanyama, na baada ya kifo hupungua kidogo kidogo, ikibaki nusu kila baada ya miaka 5,700 hivi. Kama methani ya Kivu ingetokana na mwani na samaki waliooza juzi, ingekuwa na kaboni 14 tele. Mtaalamu wa Kijerumani Klaus Tietze na wenzake, waliolipima ziwa katika miaka ya 1970, waliikuta kidogo tu. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kaboni hiyo ni ya zamani mno, imetoka tumboni mwa dunia. Volkano hutoa hewa ya ukaa. Vijidudu kilindini huichukua na kuigeuza kuwa methani. Wengine huitengeneza kutokana na mabaki yanayooza katika mashapo.

Njia hii ya upelelezi hutumika pia baharini. Mwaka 2000 watafiti waliochunguza mashapo yenye methani iliyoganda kama barafu, chini ya bahari karibu na Oregon, Marekani, walieleza juu ya vijidudu wa aina mbili wanaoishi pamoja na kuila methani pasipo oksijeni. Waliwatambua kwa sehemu kutokana na mafuta ya miili yao, yenye upungufu ule ule wa kaboni 13. Katika Kivu nako wako walaji wa namna hiyo, karibu na mpaka wa oksijeni, na ndio wanaofanya methani inayofika juu iwe kidogo sana.

Basi, je, inaongezeka? Mwaka 2005 vipimo vililinganishwa na vile vya miaka ya 1970, ikaonekana kwamba methani imezidi kwa asilimia 15 hivi. Ilihofiwa kuwa ziwa laweza kukaribia kujaa gesi katika karne hii. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Uswisi, Ufaransa na Ujerumani walipima upya kwa vyombo mbalimbali, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 hayakuonyesha ongezeko la maana. Mgandamizo wa gesi, hata pale ulipo mkubwa, ni kama nusu tu ya ule unaohitajika ili ziwa lifumuke lenyewe.

Neno "lenyewe" lapasa kuangaliwa, maana volkano yaweza kulisukuma. Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliukata mji wa Goma na kuingia ziwani, ila haikufika katika tabaka zenye gesi nyingi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi aliamuru sehemu kubwa ya mji ihame, kwa kuwa uji wa moto ulionekana kujipenyeza chini ya mji na chini ya ziwa. Watu wapatao 400,000 waliondoka, wengine wakielekea Sake, wengine wakivuka kuingia Rwanda, na wengine kwa mashua hadi Bukavu. Barabara zilijaa, na askari ndio waliosimama njia panda. Kwa askari wa namna hiyo funzo la Nyos ni bayana: waliokuwa bondeni ndio waliokufa zaidi, kwa hiyo njia ya kumkimbia adui huyu ni ya kupanda, si ya kuambaa ufuko.

Rwanda, kwa upande wake, imeamua kuupunguza mzigo kwa kuutumia. Tangu mwaka 1963 mtambo mdogo wa Rubona, karibu na Gisenyi, ulitoa gesi ya kuendeshea kiwanda cha bia. Mtambo mkubwa wa KivuWatt, uliozinduliwa mwaka 2016 karibu na Kibuye, unazalisha umeme wa megawati 26. Tishari lake lililotia nanga ziwani hunyonya maji kutoka kina cha mita 350 hivi, huyatoa methani, kisha huyarudisha kwenye kina cha mita 240 hivi. Kina hicho cha kurudishia si jambo la hiari ya fundi: yakirudishwa mahali pasipofaa yataharibu mpangilio wa tabaka, na tabaka hizo ndizo kifuniko chenyewe, ambacho nchi mbili zinakichangia.